Mheshimiwa Meneja

Harufu ya mashudu ya alizeti ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumbani kwetu Kizota. Ilikaa kwenye ovaroli la baba nyuma ya mlango, kwenye mapazia, hata kwenye nywele zangu, na shuleni wenzangu walinitania kwamba nikikamuliwa nitatoa mafuta. Nilipokuwa darasa la sita harufu hiyo ilianza kuisha. Kiwanda cha mafuta alikofanya kazi baba kilifungwa, tukasikia habari za ubinafsishaji, kisha tangazo likabandikwa getini: mnunuzi amepatikana, naye ndiye meneja mpya, na mfanyakazi wa zamani anayetaka kazi aombe upya kwa barua. Nyumba tuliyoishi ilikuwa ya kiwanda. Baba akikosa kazi tungehamia Bahi kwa bibi, ambako mvua ilikuwa imegoma na majaruba ya mpunga yamepasuka kwa ukame.

Baba aliijua mashine ya kukamua kuliko alivyojua kuandika, kwa hiyo kalamu nilishika mimi. Anwani haikutusumbua. Salamu ndiyo iliyotukwamisha jioni nzima. Baba alitamka bila kufikiri, "Ndugu Meneja." Ndivyo barua zote alizozijua zilivyoanza; mwenyekiti wa tawi la chama alikuwa Ndugu, mkurugenzi Ndugu, na yeye mwenyewe na mafuta yake mikononi alikuwa Ndugu. Mama, aliyekuwa akichambua mlenda, aliinua kichwa.

"Baba Neema, hayo yamepita. Huyo ni tajiri. Mwandikie Mheshimiwa."

"Mheshimiwa ni mbunge. Huyu kanunua kiwanda, nani kamchagua?"

"Basi andika Bwana."

"Bwana?" Baba alicheka cheko kavu. "Bwana ndivyo marehemu baba alivyomwita mzungu wa mkonge. Mwanangu haandiki hivyo."

Nilibaki na kalamu mkononi, nikiogopa kuichafua karatasi, maana ilikuwa moja tu. Mama hakubishana tena. Aliuliza polepole, "Bahi watoto watakula nini?" Baba alilitazama lile ovaroli kwa muda mrefu. Kisha akasema, bila kunitazama, "Andika Mheshimiwa." Niliandika, nikamwonea huruma. Aliponiambia nimsomee, alikuwa ameinamia viatu vyake.

Barua tulimkabidhi mlinzi wa getini, mzee Chibago, rafiki wa baba wa siku nyingi. Tukasubiri. Mama alianza kufunga vyombo kimoja kimoja, akijifanya anasafisha kabati. Asubuhi moja tukasikia mashine zinanguruma, na baba akavaa ovaroli lake akanishika mkono tukaenda. Getini tuliona vijana wageni wakiingia na maovaroli mapya. Mzee Chibago alikuwa amechuchumaa kando ya kibanda chake akichemsha chai, na kuni zilikuwa mbichi, kwa hiyo alikuwa akichochea moto kwa bahasha. Bahasha zenyewe bado zilikuwa zimefungwa kwa gundi. Mwandiko wangu niliuona kabla baba hajauona.

Nilimwamkia, "Shikamoo." Alisimama akasema, "Nisamehe, Ndugu yangu. Huyo tajiri kaja na watu wake. Hizi kaniambia nichome, hata kuzifungua hakuzifungua."

Baba aliiokota ya kwetu. Aliifungua, akasoma mstari wa kwanza tu, akaisukumiza motoni mwenyewe. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Afadhali ningemwandikia Ndugu." Hakulizungumzia tena, Kizota wala Bahi, tulikohamia na ambako alilima mpaka mgongo ukapinda na ovaroli likawa la kufukuzia ndege shambani.

Leo mimi ni katibu muhtasi katika ofisi moja hapa Dodoma. Nachapa Mheshimiwa kutwa, na sijawahi kumsikia mtu akiuliza nani kamchagua nani. Ndugu nayo bado tunaitumia, zaidi kwa wale tunaowajibu kwamba maombi yao hayakufanikiwa. Nachukia kuichapa kwenye barua hizo. Baba alipofariki, fundi aliyechonga msalaba aliniuliza kabla ya jina aandike Mzee au Marehemu. Nikamwambia aandike Ndugu. Aliniangalia kama mtu aliyekosea, akauliza kama wakubwa wa ukoo watakubali. Nilimshikia kopo la rangi mpaka alipomaliza kuandika.