Minitsi Zilizokaa Kichwani

Mwaka wa 1931, nikiwa na miaka tisa, nzige walikula shamba letu lote kule Bumula, na baba akafa kabla hatujapanda tena. Taabu yangu ilianzia hapo. Shule niliiacha darasa la pili. Siandiki hivi ili mtu anihurumie. Wapo niliokaa nao dawati moja wakaendelea mpaka wakavaa tai, na leo msimu wa kulima ukifika wanakuja kwangu kuazima maksai.

Mama alinipeleka kwa khocha, ndugu yake, aliyekuwa akichunga ng'ombe wa mzungu upande wa Kitale. Kazi niliyopewa ilikuwa ya kubeba maneno. Nyapara hakujua kuandika, na mazizi yalikuwa mbali, basi alinisimamisha mbele yake akaniambia: "Waambie wa zizi la chini ndama watatu wenye alama ya sikio la kushoto waende dipu kuogeshwa kesho, umande ukiwa bado." Nikimbie, niseme hivyo hivyo. Nikipoteza neno moja, kiboko. Wengine walisomea ubao, mimi nilisomea matako. Lakini kilichoingia kichwani mwangu wakati ule hakikutoka tena, au ndivyo nilivyojisifu kwa miaka mingi.

Ilipofika miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni nilikuwa mtu mzima, nina mke, nafanya kazi kiwanda cha kupasua mbao Kitale. Wenzangu wa mbao walinichagua niwe mjumbe wao katika baraza la vyama vya wafanyakazi. Baraza hilo lilikuwa dogo. Kila chama kilileta mjumbe mmoja: watu wa reli, wajenzi, madereva, wapishi wa hoteli, sisi wa mbao, na mzee mmoja wa wapakia magunia wa stesheni ya Bungoma, ambaye alikuja kwa baiskeli kutoka huko, akalala njiani kwa mkwewe Kimilili. Tulikutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa nane mpaka saa kumi na moja, katika ukumbi wa lokesheni, mtaa waliotengewa Waafrika.

Mikutano wakati huo ilitaka ruhusa ya DC. Ajenda ilipelekwa ofisini wiki mbili mbele, na jambo ambalo halikuandikwa kwenye ile ajenda halikuruhusiwa kutamkwa. Tena tuseme Kiswahili tu, kilugha hapana. Karani wa polisi alikaa kwenye meza ndogo kando ya dirisha akaandika kila kitu. Nadhani hata kikohozi chetu aliandika. Alikuwa kijana mpole, mashati yake yamepigwa pasi sana, na hakuna aliyemsalimia zaidi ya mwenyekiti.

Watu wakisikia habari za vyama siku hizi hufikiri tulikuwa tunapiga ngumi mezani. Sisi tulizungumza juu ya choo. Miezi minne tulizungumza juu ya choo cha wapakia magunia. Tulizungumza juu ya buti za watu wa reli, na wapishi kupewa Jumapili moja kwa mwezi wakaone watoto wao. Kazi ya baraza ilikuwa kama kupalilia. Ukiinama huoni ulichofanya, ukisimama ukageuka nyuma ndio unaona.

Sasa habari ya minitsi, yaani kumbukumbu za mikutano. Zamani tulikuwa na karani wetu na daftari. Siku moja ikasikika kwamba nyumba za lokesheni zitasakwa. Mke wa karani aliogopa, akalitia daftari jikoni chini ya sufuria ya mahindi na maharagwe. Msako wenyewe haukufika kwake. Mahindi yaliiva, minitsi za mwaka mzima zikawa majivu, na karani akaona aibu akaacha ile kazi. Mwenyekiti, mtu wa reli, fundi wa kutia grisi, akasema: "Karatasi tena hapana. Tutafute mtu mwenye kichwa."

Mtu mwenye kichwa nikawa mimi. Kila mwezi, baada ya sala, nilisimama nikasema yote yaliyoamuliwa mwezi uliopita, na yale ya zamani ambayo hayajatimizwa. Kanuni yetu ilikuwa kwamba jambo lililoamuliwa litasemwa kila mwezi mpaka mwenyekiti aseme, "Limekwisha." Hapo ndipo nililitoa kichwani. Nilikuwa nasimama mikono nyuma, macho darini, kama niko mbele ya nyapara. Nikimaliza wajumbe walinyoosha mikono kuonyesha ni kweli. Sikuongeza neno, sikupunguza. Nilitembea Kitale nzima kama mtu mwenye gari.

Basi mwaka mmoja, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, mwenzetu wa mbao alikatwa na msumeno. Alikuwa mtu wa kulisha magogo. Gogo lilikuwa na fundo, likaruka, msumeno ukachukua vidole vitatu vya mkono wa kulia. Alikuwa na mke na watoto wanne katika kibanda cha kiwanda, na sheria ya kiwanda ilikuwa wazi: asiye kazini hana kibanda. Aliambiwa mwisho wa mwezi atoke. Shamba lake dogo nyuma ya kibanda lilikuwa ndilo chakula cha watoto, na lilihitaji miezi miwili zaidi.

Mkutano wetu ulikuwa Jumapili iliyofuata. Lakini ajenda ilikuwa imeshapelekwa kabla ya ajali, na ndani yake vidole vya mtu huyo havikuwemo. Mkutano mwingine ungefika yeye akiwa tayari barabarani na vyungu vyake. Na kwenda ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya wafanyakazi, kwa jina la baraza bila baraza kuamua, mwenyekiti alikataa. Alisema akienda hivyo, ruhusa yetu ya mikutano itafutwa na hata choo hatutakipata.

Jumamosi jioni alinijia mjumbe wa wapishi, mtu mnene mwenye maneno matamu, pamoja na yule mzee wa magunia ambaye alikuwa amefika na baiskeli yake.

"Ndugu," mpishi akasema, "kesho ukisimama, si utie tu neno moja? Sema mwezi uliopita tuliamua waumiao kazini waangaliwe. Tutanyoosha mikono wote."

"Mwezi uliopita hatukusema hivyo."

"Nani atajua? Daftari ni wewe."

"Ndiyo sababu sitii neno."

Mzee wa magunia akacheka. "Ati daftari linakataa kuandikwa! Mjukuu wangu, una kiburi kama jogoo wa mjane."

"Kuka," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita babu, "kichwa changu si gunia. Hupakii kitu humo kwa sababu kina nafasi."

"Na watoto wanne?" akauliza mpishi. Hakucheka sasa. "Utawalisha na huo ukweli wako?"

Niliwaambia wanywe chai yao waende. Mke wangu alikuwa amesikia yote. Alichukua vikombe bila kuniangalia, na usiku huo chakula changu kililetwa na mtoto.

Jumapili yule mwenzetu alikuja. Hakuwa mjumbe, alikaa benchi ya mwisho. Mkono wake ulifungwa kitambaa cha mfuko wa unga, na aliushika juu, karibu na sikio, kwa sababu ukishuka unapiga. Mwenyekiti akasali. Mimi nikasimama nikasema minitsi kuanzia mwanzo mpaka mwisho: choo, buti, Jumapili ya wapishi, breki za lori la madereva. Sikuongeza kitu. Mpishi aliniangalia mpaka nikamaliza, halafu akatazama sakafu.

"Wanaosema minitsi ni sawa?" mwenyekiti akauliza.

Mikono ikanyooka. Mjumbe wa madereva akageuka nyuma, akamwona yule wa benchi ya mwisho.

"We bwana, shusha mkono. Wewe si mjumbe."

"Sipigi kura," akajibu. "Ni maumivu. Ukishuka unaniua."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kuona haya. Mimi sikucheka. Nilikuwa nautazama ule mkono uliosimama nyuma ya mikono mingine, na kitu kikaja kichwani ambacho kilikuwa kimelala.

Miezi minne nyuma, mikono ilinyooka namna ile ile, yote, haraka. Kulikuwa na mjenzi aliyeanguka kutoka jukwaa la miti akavunjika nyonga. Kabla hatujakutana, ndugu zake walikuwa wamekuja kumbeba wakamrudisha kwao Kapsokwony, na hakuna aliyekwenda kumsemea. Mzee wa magunia alikasirika siku ile, akatoa shauri, nasi tukalipitisha. Mwezi uliofuata mwenyekiti akasema juu ya mjenzi, "Amekwenda kwao. Limekwisha." Nami nikalitoa. Lakini nilitoa yote mawili pamoja, mjenzi na lile shauri, kama mtu anayeng'oa gugu akang'oa na mhindi uliosimama karibu. Mjenzi ndiye alikwisha. Shauri halikuwa limekwisha. Na mimi, daftari la watu, sikulisema tena.

Nataka msomaji ajue kwamba nilifikiri kunyamaza. Hakuna aliyekumbuka. Hata mzee aliyelitoa hakukumbuka, alikuwa na choo chake. Ningekaa chini ningebaki yule mtu asiyepoteza neno. Niliona uso wa nyapara. Niliona pia chakula kilicholetwa na mtoto.

"Bwana mwenyekiti, minitsi zina kasoro."

"Kasoro ya nani?"

"Yangu. Kuna neno nililoliacha."

Nikaweka mikono nyuma, nikatazama dari. "Miezi minne iliyopita mjumbe wa magunia alisema, na wote wakakubali: mtu akiumia kazini, mwenyekiti na mjumbe wa chama chake waende leba kesho yake, wasingoje mkutano. Jambo hilo halijakwisha. Mimi ndiye nililipoteza."

Mpishi akanikonyeza! Alidhani nimekubali uongo wake wa jana. Akapiga makofi, "Kweli kabisa, nakumbuka sana!" Na mjumbe wa madereva, ambaye hakuwa mjinga, akasema, "Bana, hii imepikwa. Na tunajua aliyeipika kazi yake ni gani."

Kwa maisha yangu yote sijaumia kama nilivyoumia pale. Nilikuwa nimevunja sifa yangu kwa mkono wangu mwenyewe, na hata hiyo nayo inaitwa uongo. Nikamwelekeza mwenyekiti kidole dirishani.

"Muulize yule. Ndiye mwenye karatasi."

Karani wa polisi akainua kichwa. "Mimi si karani wenu."

"Tunajua, bwana," mwenyekiti akasema kwa upole. "Lakini jambo likiwa limeamuliwa zamani, si letu jipya, na ajenda yako haijavunjwa. Likiwa halikuamuliwa, utatuzuia sasa hivi nasi tutanyamaza. Hakuna mwingine wa kutuambia."

Kijana alitazama mlango, akatazama ule mkono uliofungwa kitambaa cha unga. Halafu akalamba kidole, akafungua kurasa nyuma, nyuma, nyuma. Tulisikia kila karatasi. Akasoma kama anasoma barua ya mtu mwingine: mtu akiumia kazini, mwenyekiti na mjumbe wa chama chake waende leba siku inayofuata, bila kungoja mkutano.

Mzee wa magunia akasimama. "Yesu! Kumbe mimi nilisema maneno mazuri hivyo?"

Mpishi mdomo ulibaki wazi. Mimi na karani tulitofautiana kwa "kesho yake" na "siku inayofuata" na yale ya mwisho juu ya kungoja. Mpaka leo nasema mimi ndiye niliyekuwa sawa.

Jumatatu mwenyekiti na mimi tulikuwa leba kabla ofisi haijafunguliwa. Afisa alitaka kuona uamuzi umeandikwa wapi. Tukamwambia umeandikwa polisi. Alicheka, akachukua kalamu. Barua yake ilifika kiwandani kabla ya mwisho wa mwezi. Mwenzetu alikaa kibandani mpaka akavuna, akalipwa fidia ya vidole, ingawa haikutosha, na baadaye akawekwa mlinzi wa uwanja wa magogo. Vidole vyenyewe hakuna barua ya kuvirudisha.

Mwezi uliofuata nilisimama nikasema minitsi mara ya mwisho. Niliomba baraza linunue daftari, likae na mwenyekiti, na mpishi aandike, kwa kuwa aliandika vizuri na alikuwa na haja ya kujifunza kuandika yaliyotokea. Wote walicheka, yeye zaidi. Karani wa polisi aliandika hilo pia. Wakati wa kutoka nilimsalimia kwa mkono. Nilikuwa wa kwanza baada ya mwenyekiti.

Mke wangu siku hiyo alileta chakula mwenyewe.

Leo nina ekari kumi na moja hapa Bumula, zote zina mipaka ya katani. Nina nyumba ya bati ya vyumba sita, sakafu ya saruji. Nina ng'ombe wa maziwa wanne, maksai jozi mbili na plau. Nina kinu cha kusaga unga, baiskeli mbili na redio. Nina watoto saba waliosoma kunipita. Na kwenye baraza la nyumba nina benchi ya mbao za mti wa podo ya watu wanne, iliyopigwa randa na kugongwa misumari na mtu mwenye mkono wa kulia wa vidole viwili. Alinitengenezea mwaka ule ule wa mavuno. Haijawahi kulegea.