Niko Peke Yangu, Mheshimiwa

Tulikuwa watu sita chumbani siku ile. Adeer Dubow, ndugu wa marehemu baba. Mkewe, Habiba. Wadogo zangu watatu: Sahal, Hibaq na Ifrah. Wa sita ni mimi. Majina nimeyabadilisha, lakini idadi ni hiyo, na hakimu aliponiuliza kwenye simu nilikuwa na nani, nilimjibu: "Niko peke yangu, mheshimiwa."

Kosa ni langu. Simsukumii mtu.

Niliacha shule darasa la saba, mama alipomfuata baba kaburini. Nikaanza kuuza chai hapa Bura ili wadogo wasome. Adeer alisaidia kulipa karo. Urithi wetu ulikuwa mbuzi thelathini na wawili, na aliyewachunga ni Noor, mwanamume aliyetoka Kutulo na mamake mzee. Hapa kwetu hawakuwa na jamaa mwingine.

Asubuhi moja zizi lilikuwa tupu. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimemwona mtu akiwaswaga mbuzi kuelekea bondeni. Niliona mgongo, na shuka kichwani. Basi. Noor alisema alikuwa amelala na homa kwa mamake, lakini Adeer alikuwa amegombana naye juu ya mshahara, hakutaka kusikia. Noor akakamatwa. Polisi niliwaambia ukweli: mtu nilimwona, uso sikuuona.

Siku ya ushahidi ilipofika, mvua ilikuwa imekata barabara ya Garissa. Korti ikanitumia linki, nitoe ushahidi kwa video nikiwa nyumbani. Tuliegemeza simu kwenye kopo la maziwa ya unga.

Kwetu mtu haachwi peke yake kwenye kesi. Ukiitwa mbele ya wazee, jamaa zako wanakaa nyuma yako, na hata kukohoa kwao kunakupa nguvu. Kwa hiyo walipojipanga mkekani, upande wa nyuma ya simu, sikuona ubaya wowote.

Nikainuka kuchukua Msahafu wa kuapia. Adeer akanishika mkono.

"Wacha huo. Ukiapa nao ulimi ukateleza, balaa itaingia nyumba ya mayatima."

"Sasa niape na nini, adeer?"

Akachukua kitabu cha hesabu cha Hibaq, akakizungushia kitambaa cha kijani. "Simu itaona kitambaa tu. Na kiapo cha simu ni kiapo gani? Korti iko Garissa, wewe uko kwako."

Hibaq, ambaye huniita abaayo, yaani dada, akaangua kicheko. "Wallahi, abaayo anaapa kwa aljebra!"

Tukacheka sote. Ya Allah, tulicheka!

Tuliogopa Msahafu kuliko tulivyoogopa uongo.

Kwenye simu kulikuwa na visanduku vya nyuso: hakimu, karani, mwendesha mashtaka. Na Noor, akiwa rumande, uso wake mdogo kama kifungo cha shati. Mwendesha mashtaka akaniuliza, "Mtu uliyemwona akiswaga mbuzi, yuko hapa?"

Nikainua macho kutoka kwenye simu. Nyuma ya simu, Adeer akawaonyesha wadogo zangu kwa kidevu, mmoja, wa pili, wa tatu. Nilimwelewa. Karo yao ilitoka mfukoni mwake.

"Ndiyo," nikasema. "Ni Noor. Nilimwona uso."

Hapo midomo ya Noor ikaanza kwenda. Aliongea, akaongea, akainua mkono, lakini sauti yake ilikuwa imezimwa mpaka apewe nafasi. Alichokisema wakati ule sikijui hadi leo. Hakimu alipomruhusu kuniuliza maswali, alikuwa amechoka. Aliuliza moja tu.

"Dada, ulinionaje mimi?"

"Nilikuona kwa macho yangu."

Kama angekuwa mbele yangu, hatua tatu kutoka nilipo, nisingeweza. Najua nisingeweza! Lakini alikuwa kifungo cha shati. Wakamfunga miaka minne.

Miezi mitano baadaye, mchinjaji wa Dadaab alitambua alama ya baba kwenye masikio ya mbuzi aliouziwa. Muuzaji alikuwa mpwa wa Habiba. Nilikimbia kwa Adeer. Akafunga mlango kwanza.

"Kesi imekwisha. Usichokonoe."

"Na Noor?"

"Noor ni wa kwetu?"

Tangu hapo sina raha. Mteja akipiga simu ya video kwenye kibanda changu, mtandao ukikwama, mdomo wa mtu ukienda bila sauti, birika linanitoka mkononi. Nikimaliza swala, nikitoa salamu kulia na kushoto, midomo ile ninaiona pande zote mbili.

Halafu siku moja nikamkuta Ifrah, mwenye miaka minane, anacheza peke yake. Ameegemeza kipande cha ubao kwenye kopo, mkono ameuinua, anakiambia: "Niko peke yangu, mheshimiwa." Akanitazama akitabasamu, anasubiri nimsifu.

Kesho yake nilienda kwa mamake Noor. Alikuwa anachuja maziwa.

"Hooyo, mama, ni mimi niliyemfunga mwanao."

Hakuacha kuchuja. "Najua. Aliniambia wewe unajua ukweli."

"Nisamehe."

"Mimi nikikusamehe, yeye atatoka? Nenda ukaseme palepale uliposemea."

Nikapata wakili mjini, dada kijana anayesaidia watu bila malipo. Nilimweleza habari ya kitabu cha hesabu, nikidhani kitanipunguzia mzigo. Akatikisa kichwa. "Mbele ya sheria uliapa. Ukikiri, unaweza kushtakiwa wewe. Watoto utamwachia nani?"

"Andika," nikamwambia.

Akaandika, nikatia sahihi kila ukurasa. Adeer hasemi nami tena, na karo ameacha kulipa. Sahal anafua nguo za watu wikendi. Sitarudi nyuma. Maombi ya rufaa yamepelekwa, tunangoja kupangiwa siku.

Wewe utakayetumiwa linki ya korti, nisikilize! Usidhani kwa sababu umekaa kwenye mkeka wako, umevaa ndala zako, basi maneno yako yanaishia hapo. Kile kisanduku kidogo kina mtu ndani, na mtu huyo ana mama. Ukiulizwa ulichokiona, sema ulichokiona. Kama hukuona, sema hukuona, hata jamaa zako wote wakukazie macho. Wao watakwenda kula chakula cha mchana. Wewe utabaki na neno lako.

Wiki iliyopita wakili alikwenda gerezani kumweleza Noor kwamba nimekiri. Nilimngoja nje ya ofisi yake tangu asubuhi. Aliporudi nikamuuliza amesema nini.

"Aliniuliza leo ni siku gani," akasema.

"Basi?"

"Nikamwambia. Akasema nikwambie amehesabu kila siku aliyokaa humo, na wewe uanze kuhesabu."

Nimeanza. Leo bado yuko ndani.