Tundu Nililoliziba Siku Wakwe wa Shiro Walipokuja

Kosa langu lilianza na tundu dogo kwenye bomba. Nililitoboa mwenyewe, mahali panapofaa, kwa sababu nzuri niliyoielewa, halafu nikaliziba kwa silikoni kwa sababu lilikuwa linanikera. Ningeliacha tu. Lakini mimi ni mtu wa kukosa usingizi kwa sababu picha ya ukutani imeinama kidogo, na ndiyo maana leo nikipita Isinya wazee nisiowajua wananiuliza farasi wangu wanaendeleaje, huku wakicheka mpaka wanaegemea fimbo zao. Naisimulia aibu hii mwenyewe kabla hamjaipata kwa dada yangu, maana yeye hutia chumvi (na siku hiyo chumvi ilikuwa imetosha).

Tunaishi Kitengela, mimi, Mama na dada yangu mkubwa Wanjiru, ambaye sote tunamwita Shiro. Bahari iko mbali nasi kabisa. Maji tunayotumia ni ya kisima cha kuchimbwa, na ni magumu hivi kwamba birika la chai lina ukoko mweupe ndani kama limepakwa chokaa. Mtu mwenye akili, katika hali hiyo, angefuga kuku kama majirani. Mimi nikaamua kufuga farasi wa baharini, wale samaki wadogo wanaosimama wima, kichwa kama cha farasi na mkia wa kujikunja. Sikufundishwa na mtu. Nilitazama video, nikaharibu, nikatazama tena, nikajifunza kuchuja maji ya kisima mpaka yawe matupu kabisa halafu kuyakoroga na chumvi ya bahari, nikajifunza kugandisha mabomba kwa gundi (na kugandisha vidole vyangu pia), na mwishowe mfugaji mmoja wa Pwani anayewazalisha mwenyewe akaniuzia wawili, dume na jike. Mama aliwaangalia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hivyo hawa wadudu hawaliwi?"

Inabidi niwaeleze mabomba kidogo, nivumilieni. Tangi lenyewe ni la kioo na liko juu ya meza ya chuma hapo sebuleni. Chini ya meza kuna tangi la pili, la kuchujia. Maji yanashuka chini yenyewe, yanachujwa, halafu pampu inayarudisha juu kwa bomba. Mdomo wa bomba hilo nilikuwa nimeushusha hadi karibu na mchanga, kwa sababu farasi hawa ni waogeleaji wabovu na mkondo mkali unawachosha. Sasa, stima ikipotea, pampu inanyamaza na bomba hilo hilo linageuka mrija, linaanza kunyonya maji ya juu na kuyamwaga chini, na tangi la chini haliwezi kuyabeba yote. Dawa yake ni tundu dogo kwenye bomba, karibu na uso wa maji. Maji yakishuka kidogo tu tundu linavuta hewa, na mambo yanaishia hapo. Ndilo lile tundu.

Lakini lilikuwa linarusha uzi mwembamba wa maji ambao uligonga kioo mchana na usiku, sss, sss, na kuacha alama nyeupe za chumvi. Nilikuwa nafuta alama hizo kila nikipita. Nikienda jikoni nafuta, nikitoka jikoni nafuta.

Basi Shiro akapata mchumba, Lemayian, kijana mpole wa Isinya, na familia yake ikatuma ujumbe kwamba inakuja kujitambulisha. Hapo ndipo nyumba yetu ikaingiwa na homa, kwa sababu Lemayian alikuwa amemwambia Shiro ukweli: baba yake alikuwa bado hajasema ndiyo. Mzee alitaka kwanza aje aone kwa macho yake ni watu wa aina gani huko mtoto wake anakotaka kuoa. Shiro hakuwa anakula. Mama aliazima zulia kwa jirani, akaazima viti, akaazima hata vikombe ingawa tunavyo.

Mimi Shiro aliniomba kitu kimoja tu. Alinikuta nikisugua kioo akasimama mlangoni.

"Kim."

"Sema."

"Nakuomba. Hiyo siku isikuwe yako. Ikuwe yangu."

"Nimefanya nini sasa?"

"Bado. Ndio nakuomba mapema."

Nikaapa. Na kwa sababu nilitaka siku yake iwe safi kabisa, bila sss, bila alama hata moja, asubuhi ile nikachukua silikoni nikaliziba lile tundu. Nikajiambia ni muda mfupi tu, wageni wakienda nitalizibua. Halafu nikatundika pazia mbele ya meza yote, juu mpaka chini, ili wageni wasione tangi, kwa sababu bomba moja lilikuwa limepinda. (Mama anasema halijapinda. Limepinda.)

Wageni walifika mchana na sukari, maziwa, blanketi la Mama na kondoo mmoja mnene waliyemfunga nje kwenye nguzo ya veranda. Baba Lemayian alikuwa mrefu, shuka begani juu ya koti, uso haucheki wala haukasiriki. Nikaenda nikainamisha kichwa kama Shiro alivyonifundisha, akanigusa utosini kwa kiganja, akanisalimu kwa Kimaa.

"Sopa!"

"Ipa!" nikajibu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Chakula kililiwa, chai ikanywewa, mambo yakawa mazuri kiasi kwamba nilianza kuogopa. Kisha Mama akamwomba Baba Lemayian aombe kabla ya mazungumzo yenyewe, naye akasema yeye atabariki kama wanavyobariki kwao: sote tusimame, yeye ataje, sisi tuitikie "Enkai," yaani Mungu. Mama alipoona ni maombi akafumba macho, na sisi wa nyumba tukafumba. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na pazia kama askari wa benki.

"Mungu awape ng'ombe," Mzee akaanza, akichanganya Kimaa na Kiswahili kwa ajili yetu.

"Enkai!"

"Awape watoto."

"Enkai!"

Hapo stima ikapotea. Wengine hawakugundua, ilikuwa mchana na jua limejaa dirishani, lakini mimi nilisikia pampu ikikata pumzi nyuma yangu, na baada ya pampu nikasikia mlio mwingine, mdogo, wa maji yakishuka kwenye bomba kwa raha zake. Nilifumbua macho. Sikuwa hata na haja ya kufikiri. Niliona silikoni ile kichwani kama naitazama, nyeupe, laini, nimeipangusa vizuri kwa kidole ili isiwe na uvimbe.

Sasa hebu niambieni, ungefanya nini? Baraka ya mzee haikatizwi. Mzee mwenyewe hajasema ndiyo. Dada yako amesimama pale mbele ameinamisha kichwa. Nikaamua (huu ulikuwa uamuzi mbaya wa pili) nitateremka polepole, nitapita chini ya pazia, nitazibua tundu, nitarudi mahali pangu, hakuna atakayejua. Nikapiga magoti, nikatambaa.

"Miguu yenu isipate mwiba."

"Enkai!" nikaitikia kutoka chini ya meza, nimechelewa kidogo, peke yangu. Nikasikia mtu akikohoa.

Tangi la chini lilikuwa limeshafurika. Maji yalikuwa yanapita magotini mwangu, baridi, yakielekea kwenye zulia la jirani bila haraka. Nikajivuta, nikasimama kati ya pazia na kioo, nikatumbukiza mkono kwenye tangi na kuanza kuchokora silikoni kwa ukucha. Haikutoka. Niliiweka vizuri sana. Upande wa pili wa pazia Mzee alikuwa amepanda sauti.

"Mungu alete maji katika boma hili!"

"Enkai!" wakaitikia wote.

Halafu nikasikia Mama Lemayian, mama mnene mwenye shanga nyingi ambaye hakuwa amesema neno tangu chai, akisema taratibu, "Mzee, ngoja kidogo. Amesikia."

Viatu vikaanza kulia kwenye maji. Mama akaita, "Yesu wangu!" Mimi kwa kihoro nikashika bomba chini kabisa, ndani ya maji, nikalivuta kwa nguvu, silikoni ikabanduka, hewa ikaingia kwa mgutuko kama mtu anayemeza uji wa moto, na maji yakakatika. Nikashukuru, nikaegemea nyuma. Nyuma yangu hakukuwa na kitu ila pazia. Waya uliolishika ukatoka ukutani, pazia likanifunika kichwa kisha likaanguka, na nikabaki nimesimama mbele ya familia mbili, nimelowa mpaka kiunoni, mkono mmoja ndani ya tangi.

Shiro alinitazama tu. Heri angenipiga. Alikuwa amebana midomo, na machozi yalikuwa yameshafika, yanangoja tu ruhusa.

"Kijana," Baba Lemayian akasema. "Toa mkono huko, uje hapa."

"Siwezi, baba."

"Huwezi?"

"Amenishika."

"Nani amekushika?"

Kweli alikuwa amenishika. Farasi hawa wakiogopa hutafuta kitu cha kufungia mkia, na dume, kwa kuwa maji yalikuwa yamebaki kidogo na kila kitu kimevurugika, alikuwa amekizungushia kidole changu kidogo mkia wake akatulia hapo kama ameegesha. Ningemvuta ningemwumiza. Mzee akavuka maji, viatu vyake vya matairi vikilia chwap chwap, akainama hadi pua ikakaribia kioo.

"Hiki ni nini?"

"Ni samaki, baba. Ndio mifugo yangu."

"Mifugo." Akatazama tena. "Uko na ngapi?"

"Wawili. Huyu ni dume. Yule kule ni jike."

"Dume ndio huyu? Mbona ako na tumbo?"

Sikuwa na nguvu za kudanganya wala kupamba. "Ni yeye anabeba mimba, baba. Jike anampa mayai, anaweka kwa hilo tumbo lake, anazaa yeye."

Mama Lemayian akapiga makofi mara moja, pa! "Huyo mlete Isinya haraka! Huyo afundishe hawa!" Akamwonyesha mume wake na Lemayian kwa mkono mmoja. Mama yangu, aliyekuwa bado anaitazama maiti ya zulia la jirani, akatoa sauti ambayo mwanzoni nilidhani ni kilio. Ilikuwa kicheko. Wale wamama wawili walishikana mabega.

Mzee hakucheka. Alikuwa anatazama mlangoni, ambako maji yalikuwa yameshateremka ngazi ya veranda, na kondoo alikuwa anaramba sakafu kwa bidii. Mzee akachovya kidole kwenye maji, akaonja.

"Hii ni chumvi."

"Ndio, baba. Wanaishi kwa maji ya chumvi."

"Lemayian! Mtoe huyo kondoo hapo, ataharisha kesho yote." Kisha kwangu: "Na hawa wako, maji yamebaki haya tu? Watakufa?"

"Yakipanda haraka hawatakufa. Lakini stima hakuna."

"Si mikono iko?"

Na hapo ndipo aibu yenyewe ikaanza, jamani, maana kumwaga maji ni ajali, lakini kuwafanyisha wakwe kazi siku ya kwanza ni jambo ambalo ukoo unakumbuka. Lemayian alivua koti. Mzee akakunja shuka akaagiza sufuria. Wakapanga mstari kutoka tangi la chini hadi la juu, wakachota na kumimina, mimi nikiwaelekeza kwa mdomo kwa sababu mkono wangu ulikuwa kazini. "Polepole, baba, mimina pembeni, usimwagie kichwani." Namwamuru baba mkwe wa dada yangu! Mama alikuwa anazunguka na kitambaa akilia, "Wageni wanapiga deki! Kimani, wageni wanapiga deki nyumbani kwangu!" na Mama Lemayian, shanga zikigonga, anamwambia, "Wacha, mama, hii sakafu yetu pia." Shiro alisikia neno hilo. Nilimwona akilisikia. Akageuka akaenda jikoni akakaa huko kitambo, na aliporudi alikuwa amevua viatu vyake vya sherehe na kushika ndoo.

Maji yalipofika nusu ya tangi, dume akanifungua kidole mwenyewe akaogelea taratibu kwenda kwa jike, kama mtu aliyesahau kwamba tulikuwa na mazungumzo. Mzee akafuta mikono kwa shuka.

"Nilikuwa nimefika wapi?"

"Maji," Lemayian akasema.

"Maji tumemaliza." Akasimama katikati ya zulia lililolowa, sote tumezunguka miguu mitupu, akaendelea kutoka hapo. Akaomba watoto hawa wawili wajenge nyumba moja. "Enkai!" Akaomba boma hili na boma lile yajuane njia. "Enkai!" Akawaombea na wale wa kwenye kioo, dume na mimba yake, na hapo mwitikio haukutoka vizuri kwa sababu ya kicheko. Ndiyo yake haikuja kwa hotuba. Alipokuwa anatoka alimwambia Shiro, "Ukija Isinya, hatuna mambo kama hii. Utazoea." Shiro akaja akanikumbatia nikiwa nimelowa hivyo hivyo, akaniambia sikioni, "Nitakuua kesho."

Waliooana wameoana. Zulia la jirani nililinunua, sasa ni letu, lina alama nyeupe ambazo hazitoki na nimejaribu. Farasi wako salama.

Kilichobadilika ni hiki: siku hizi nikijenga kitu, nazima stima mwenyewe mchana, nasimama hapo kutazama kinachotokea, na kabla sijasema kazi imeisha namwita mtu mwingine aje aione.