Mbuzi ya Bagamoyo Ilivyopanda Basi

Mnanisumbua niwasimulie habari ya mbuzi, kama vile sina mahindi ya kupukuchua. Haya.

Pale stendi ya Mikumi, jirani yangu mzaliwa wa Bagamoyo alimwambia kondakta wa basi la Kilosa, "Mwanangu, nina mbuzi kwenye kapu." Ile mbuzi ya kukunia nazi aliachiwa na marehemu mama yake.

"Mifugo hatupakii!" Kapu likashushwa chini, basi likawashwa. Jirani yangu akaanza kulia.

Mfugaji mmoja akafunua kapu. "Mimi mbuzi nawajua. Huyu ni kigoda chenye meno!"

Abiria wakacheka, wakagoma kuondoka bila kapu. Namshukuru mfugaji yule hadi leo, maana wali wa nazi wa jirani naula mimi. Kondakta alitoa shikamoo yake iliyochelewa, akaipakata mbuzi mpaka Kilosa.