Mwaka Ambao Nduma Zilinenepa

Nduma zikichemka, mvuke ukanigonga pua, huwa naacha nilichoshika. Watu hudhani ni njaa. Wacha niwaambie nyinyi ni nini.

Shamba letu liliishia kwenye kijito, chini ya mji wa Meru, na pale topeni Mama alipanda nduma zake, yale magimbi ya mtoni. Nilipokuwa na miaka tisa hivi, watu wa mjini walianza kujenga nyumba za kupangisha hata mahali ambapo mbuzi angeogopa kusimama. Siku moja bomba likatokeza ukingoni, juu kidogo ya shamba letu, likitema maji ya kijivu. Yalinuka, jamani! Kunguru walikuwa wakifika hapo wanageuza njia.

Lakini nduma zikanenepa. Majani yake yangetosha kuezeka kanisa. Siku ya mnada wa mavuno, mzee wa kanisa aliinua nduma ya Mama kwa mikono miwili.

"Mama Kagendo, umetuletea mguu wa ndovu?"

"Ni Mungu tu, mzee," Mama akajibu, vigelegele vikapasuka. Tangu siku hiyo kila mtu alitaka kipande karibu na bomba.

Mimi na mdogo wangu Kendi tulizoea kuinua mawe ya kijito tukitafuta kaa, wadogo kama vifungo vya koti. Mwaka huo mawe yalivaa utelezi wa kijani. Asubuhi moja tukakuta kaa wote wametoka majini, wamelala kwenye nyasi juani. Ukiwagusa, hawakimbii.

"Mama, kaa wanahama!"

"Wamekuja kuona nduma zangu," akacheka. "Hata wao wana macho."

Nikacheka pia. Kendi akainama, akachota maji kwa viganja, akanywa kama tulivyonywa siku zote.

Siku ya tatu hakuweza kusimama. Alihara mpaka macho yakazama. Mama alimbeba mgongoni, akapanda kilima kuelekea hospitali. Walirudi baada ya majuma mawili, Kendi mwepesi kama ganda la hindi. Mama alimlaza, akashika jembe, akang'oa nduma zote, akazitupa rundo moja.

Jioni hiyohiyo majirani wakaja kuomba mbegu.

"Usitunyime baraka, Mama Kagendo."

Mama akaingia ndani kwa Kendi. Wakajiokotea wenyewe kwenye lile rundo.

Nilisoma shule ya jioni nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Mwalimu wetu, mtu wa pwani, alituonyesha picha ya matumbawe, yale mawe hai ya baharini wanamokaa samaki. Yalikuwa yamefunikwa na kijani kitupu. Darasa zima la wakulima likasifu: "Ai, yamestawi!" Mwalimu akatikisa kichwa. Maji taka hunenepesha mwani, akasema, na mwani huyafunika matumbawe mpaka yafe.

Mimi sikusifu. Kijito chetu huingia mto Kathita, Kathita huingia Tana, na Tana huishia baharini. Nikainua mkono.

"Mwalimu, na kaa wa huko, wameshaanza kutoka?"