Kinyozi Aliyetetemeka kwa Kutokunywa

Jumatano, 13 Agosti 1975. Ukungu ulikuwa umeishukia Lushoto tangu alfajiri na baridi ilikuwa ya kuuma masikio, lakini Kornelio kinyozi alikuwa anatoka jasho.

Miaka yote aliyonyoa watu pale barazani karibu na soko, alinyoa akiwa amelainika kwa boha, pombe ya miwa, wala hakuwahi kumchubua mtu. Jumapili akaacha. Binti yake Jenoveva alikuwa anafunga ndoa Jumamosi, na wazee wa usharika walikuwa wamesema wazi kwamba mlevi hamkabidhi bibi harusi madhabahuni; mjomba ndiye atakayemkabidhi. Na huyo mjomba na Kornelio hawakuwa wakiiva chungu kimoja.

Sasa Mzee Yohane, mzee wa kanisa, alikuja kukagua. Akakaa kitini, akavua kofia, akauona wembe ukicheza hewani.

"Kornelio, umekunywa."

"Shikamoo, Mzee. Sijanywa."

"Marahaba. Mkono unasema umekunywa."

"Mkono huu haujaonja kitu tangu Jumapili. Ndiyo maana unalalamika."

Yohane akamnusa, akanusa tena, akakunja uso kwa kuikosa harufu aliyoitaka.

"Ngoja nikatafute maji ya moto," Kornelio akasema, akatokea nyuma moja kwa moja mpaka kwa Esta, muuza boha. Mpango wake ulikuwa tayari: bilauri moja, mkono utulie, atafune mchaichai, mzee aondoke akimsifu kwa kuacha pombe.

Kwa Esta alimkuta Sefania, tabibu wa zahanati, amekumbatia kibuyu.

"Hujaniona," Sefania akasema.

"Sijakuona. Kwa nini natetemeka, daktari?"

Sefania akashusha sauti. "Ubongoni kuna kitu kinaitwa noradrenalini. Kazi yake ni kukuamsha: moyo udunde, macho yafunguke. Pombe inakikandamiza. Wewe umekikandamiza miaka, nacho kimejizoeza kusukuma zaidi. Jumapili umeondoa uzito ghafla, kimeruka juu kama springi ya kitanda. Jasho, mtetemo, usingizi kukimbia, yote ni yake."

"Nikinywa hii bilauri?"

"Utatulia. Kisha utaanza mateso upya. Ukivumilia, kitashuka chenyewe. Ila ukianza kuona vitu visivyokuwepo, au ukaanguka kifafa, uletwe zahanati mbio. Usipelekwe kwa mchungaji."

Esta alikuwa ameshamimina. Kornelio aliitazama bilauri ile kwa heshima zote, akaisogeza kwa tabibu, akarudi barazani mikono mitupu.

"Maji yako wapi?" Yohane akauliza.

"Mzee, leo sikunyoi. Shingo yako naitaka kanisani Jumamosi ikiwa nzima."

Yohane alijipapasa koo kwa kidole. Alimjua Kornelio aliyelewa: huyo hakuwahi kumkataa mteja, na siku moja alijitolea kumnyoa mbuzi wa mchungaji.

"Mlevi hawezi kusema mkono wake haufai," akasema mwishowe, akavaa kofia. "Utamkabidhi binti yako mwenyewe. Ila mkono wa pili utie mfukoni."

Asubuhi iliyofuata Kornelio alilitoa boga jikoni, akalipaka povu, akaanza kulinyoa taratibu.

"Baba Jenoveva, hilo ni la mchana," mkewe Paskalina akamwambia.

"Nitakuwa nimemaliza."

Wembe ukateleza, ukalichana boga ubavuni. Akaliomba radhi, akalipaka povu tena.