Mzee Kaa Mbali

Kwenye barabara ya kwenda Chitete kuna bonde la udongo mweusi ambalo madereva wa Tunduma hulitaja huku wamekunja uso. Masika yakikolea, lori likizama pale halitoki mpaka aitwe Boazi Nzunda na trekta lake.

Trekta lenyewe si lake. Ni la shamba la ufuta lililo juu ya bonde, ambalo mwenyewe anaishi Chapwa na huja mara moja kwa mwezi. Boazi ndiye dereva, ndiye fundi, ndiye mlinzi. Anaishi katika chumba kimoja kilichopakana na ghala. Ana kitanda, redio, sufuria mbili na kiti kimoja, maana hajawahi kuhitaji cha pili. Miaka kumi na tisa sasa.

Watu wa vijiji vya jirani wanamheshimu ila hawajamzoea. Msibani anakuja, anachimba kaburi pamoja na wenzake, kisha chakula hakijaiva ameshaondoka. Wamempa jina la Mzee Kaa Mbali, kwa kuwa hayo ndiyo maneno anayoyasema kuliko mengine yote. Kabla ya kuvuta gari hushuka, akawafukuza watu mmoja mmoja, wenye gari na watazamaji, mpaka wawe hatua thelathini kutoka kwenye mnyororo. "Ukikatika unarudi kama fimbo," huwaambia, "na hauchagui wa kumpiga." Wakishasogea wote, hubaki peke yake katikati ya barabara, na hapo ndipo mwili wake unapotulia.

Hakuzaliwa hivyo. Kwao ni Ihanda, nyumba yenye kahawa nyuma na ndugu mbele. Alikuwa mtu wa maneno mengi na aliimba besi kanisani. Mdogo wake, Yesaya, alimfuata kila alikokwenda. Boazi alipoajiriwa kuendesha trekta la shamba moja, Yesaya naye alitaka kujua kuendesha, na Boazi akamfundisha.

Siku ile walikuwa wanavuta gogo la mkaratusi kupandisha mlima, mbao zake zikaezeke kanisa. Pini ya ule ulimi wa chuma ulio chini, nyuma ya trekta, ilikuwa imepotea. Boazi hakutaka kurudi nyumbani kutafuta nyingine. Akaufunga mnyororo kwenye tundu la juu, pale panapofungwa jembe. Alishawahi kufanya hivyo kwa mizigo midogo na halikutokea neno. Yesaya alikuwa amekaa kwenye usukani. Boazi akarudi pembeni, akainua mkono, akasema, "Vuta."

Gogo lilikuwa limekwama kwenye jiwe. Magurudumu ya nyuma yalishika ardhi, mnyororo ukakaza, na kwa kuwa mzigo ulikuwa unavutwa kutoka juu ya ekseli, pua ya trekta ikainuka. Boazi hakuwahi hata kupiga kelele. Trekta lilipinduka kinyumenyume na Yesaya akabaki chini yake.

Aliacha mke, Dina, na binti wa miaka mitano, Tumpale. Hakuna aliyemshtaki Boazi. Polisi waliandika kuwa ni ajali, na mchungaji naye akasema ni ajali. Dina alipokutana na shemeji yake njiani, aligeuza uso na kutazama kahawa. Boazi alivumilia mwaka mmoja, kisha akasikia kuna shamba huku Momba linatafuta dereva. Akaondoka na begi moja. Tangu siku ile hajamruhusu mtu mwingine kufunga mnyororo, wala kukaa kwenye usukani wakati wa kuvuta.

Januari mwaka huu, mchana wa mvua nyembamba, lori lililobeba saruji na abiria wachache lilizama bondeni mpaka ekseli. Dereva wake aliitwa Bashiri, mtu wa Tanga aliyehamia Tunduma, mwepesi wa maneno. Boazi aliposhuka na trekta, Bashiri alishaushika mnyororo mkononi.

"Mzee, funga hapa juu. Ukifunga juu lori litanyanyuka, litoke kwenye tope. Chini utalizika zaidi."

"Kitakachonyanyuka ni pua ya trekta," Boazi alisema. "Lete mnyororo."

"Nakonde pale nawaona kila siku wanafunga juu!"

"Basi kamwite huyo wa Nakonde."

Abiria walicheka. Bashiri hakucheka. "Mzee wangu, nina mzigo wa watu. Unaogopa nini?"

Boazi aliupokea mnyororo, akaupitisha vidoleni pete moja baada ya nyingine akitafuta ufa. Halafu akasema, kwa sauti ambayo hakuwa ameizoea yeye mwenyewe, "Ukifunga juu na mzigo ukagoma, trekta linageuka mgongo. Ni kufumba na kufumbua. Hata kama mguu uko kwenye klachi, hutawahi. Linamlalia anayeliendesha."

"Ndivyo ilivyokuwa kwa Yesaya?"

Sauti ilitoka miongoni mwa abiria. Boazi aligeuka. Mwanamke mmoja alikuwa amejifunika nailoni kichwani, amekumbatia kifurushi cha vitenge. Alikuwa amekonda, na nywele zilizochungulia chini ya kilemba zilikuwa na mvi. Ilimchukua muda kumtambua.

"Ndiyo, shemeji," alisema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Bashiri aliwatazama wote wawili, akaelewa kidogo, akaenda mwenyewe kuchukua koleo.

Kazi ilichukua saa tatu. Kwanza Boazi aliwaambia washushe nusu ya saruji na kuifunika turubai. Kisha wakachimba tope mbele ya kila gurudumu, wakatandika matawi na mawe. Akafunga mnyororo kwenye ulimi wa chini, akatia pini, akaipiga kwa nyundo, akaijaribu kwa mkono. Juu ya mnyororo akatupia gunia lililolowa, ili ukikatika usiruke.

"Kaeni mbali," alisema.

Watu walisogea. Dina alikuwa wa mwisho kusogea.

Alipanda, akatia gia nzito ya kwanza, akaachia klachi polepole mpaka mnyororo ukanyooka bila kushtuka. Lori lilitikisika. Mara usukani ukawa mwepesi mikononi mwake, naye akajua magurudumu ya mbele yanaanza kuacha ardhi. Akakanyaga klachi. Trekta likatulia. Bashiri, aliyekuwa kwenye usukani wa lori, alitoa kichwa dirishani kutaka kupaza sauti, kisha akakirudisha.

Boazi alishuka, akachimba tena. Mara ya pili ikawa vilevile, naye akashuka tena bila haraka. Mara ya tatu lori lilitoka, likapanda ukingo mkavu, na abiria wakapiga vigelegele.

Walipokuwa wanapakia saruji upya, Dina alimfuata alipokuwa akiuosha mnyororo dimbwini. Alisimama huku ameshika kifurushi chake.

"Nimetaka kukuuliza miaka yote," alisema. "Alisema nini?"

Boazi alikuwa ameliandaa jibu la swali hilo kwa miaka kumi na tisa. Usiku mwingine alitunga maneno ya Yesaya ya kumpelekea, maneno mazuri, ya kumtaja mke na mtoto. Sasa swali limekuja, akaona hawezi kuyatoa.

"Hakusema kitu, shemeji. Alikuwa ananitazama mimi, anangoja ishara. Mimi ndiye niliyemwambia avute."

Dina alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubali uzito wa kitu alichopewa. "Watu walisema ni yeye mwenyewe aliyeufunga mnyororo. Kwamba alikaidi."

"Hapana. Nilifunga mimi."

"Kwa nini hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza. Na wewe ulikuwa unatazama kahawa."

Alijuta palepale kwa kusema hivyo, lakini Dina hakukasirika. Alifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Nilimkasirikia yeye," alisema. "Miaka yote hii. Nilidhani alituacha kwa ukaidi wake."

Bashiri alipiga honi. Dina aligeuka, kisha akarudi hatua moja.

"Tumpale yuko Chitete. Muuguzi, mwaka wa pili huu. Amejifungua mtoto wa kiume, nakwenda kumlea."

Chitete ni mwendo wa saa moja na nusu kwa trekta. Mwaka wa pili. Boazi alikwenda huko mara ngapi kununua mafuta na vipuri, na huenda alipishana naye njiani. Alitaka kumtumia salamu, asijue aanzeje. Lori likaondoka.

Alikaa wiki sita. Kila Jumapili alinyoa ndevu, akavaa shati, akavua. Jumapili ya saba alipanda pikipiki ya kukodi, akaulizia nyumba ya muuguzi Tumpale. Dina alikuwa amesharudi Ihanda. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye paji la uso la Yesaya.

"Shikamoo, baba mkubwa," alisema. "Mama aliniambia huenda ukaja."

Alimpa kiti, akamletea chai na viazi. Mtoto alikuwa amelala chumbani. Walizungumza juu ya mvua, juu ya barabara, juu ya bei ya ufuta, na hayo yakaisha upesi. Boazi alikuwa amesahau jinsi watu wanavyojaza muda wakiwa wamekaa pamoja. Alitazama kikombe.

"Baba alikuwa mrefu?" Tumpale aliuliza. "Mimi namkumbuka mrefu sana, ila nilikuwa mdogo."

Boazi alisimama, akaenda mlangoni, akaweka kiganja kwenye fremu, chini kidogo ya sikio lake. "Alikuwa anaishia hapa. Hakuwa mrefu. Alipenda kukubeba mabegani, labda ndiyo maana."

Tumpale alipatazama pale kwa muda. Kisha mtoto akalia, naye akaingia ndani.

Boazi alimngoja. Alisikia anamwimbia mtoto, akasikia kilio kinapungua, kisha kimya. Hakujua kama ni adabu kuendelea kungoja au ni adabu kuondoka. Alimaliza chai, akakipeleka kikombe kwenye beseni la vyombo, akatoka. Tumpale alipofika mlangoni na mtoto mkononi, aliona mgongo wake tu, tayari uko kwenye pikipiki.

Mpaka naandika haya hajarudi tena. Anasema atakwenda masika yakikatika, barabara ikikauka na magari yakiacha kumhitaji.